Somo: Uvumbuzi wa chuo hadi sokoni, na kazi ya kiongozi katika kila hatua

Somo hili ni la wakuu wa idara, wakurugenzi wa utafiti na wakuu wa vituo. Utafiti mwingi unaokwama njiani haukwami kwa ubovu wa sayansi yake. Unakwama kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka aliyepanga kipi kitangulie: matokeo yametangazwa kabla hayajalindwa, mkataba umeandikwa baada ya ugomvi kuanza, mashine imenunuliwa kabla ya kumuuliza mnunuzi hata mmoja. Mpangilio huo ni kazi ya kiongozi. Mtafiti anaijua maabara yake vizuri, lakini hana sahihi ya chuo wala mamlaka ya kumwambia mwenzake asubiri.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni unaofaa mazingira ya Tanga: mtafiti amepata njia ya kutengeneza bodi za dari na makabati kutokana na masalia ya mkonge yanayotoka kwenye korona, yaani kiwanda kinachosaga majani ya mkonge kutoa nyuzi.

Hatua ya 1: Fomu ya kurasa mbili

Mtafiti akiona kitu kipya kinachoweza kutumika, ajaze fomu ya taarifa ya uvumbuzi kabla hajaanza kuandika makala. Kurasa mbili zinatosha: tatizo linalotatuliwa, namna kitu kinavyofanya kazi, kimejaribiwa kwa kiasi gani, nani walishiriki na kila mmoja alifanya nini, fedha zilitoka wapi, malighafi zilitoka kwa nani, na nani ameshaelezwa. Vipengele vitatu vya mwisho ndivyo vinavyorukwa mara nyingi, na humo ndimo ugomvi huzaliwa. Fomu iambatane na nakala ya daftari la maabara lenye kurasa zilizoshonwa na kupewa namba, maandishi ya wino, tarehe, na sahihi ya shahidi aliyeelewa alichokisoma.

Kiongozi ajiwekee siku 14 za kujibu. Fomu ikilala mezani miezi mitatu, mtafiti hataleta nyingine.

Hatua ya 2: Ukimya wenye tarehe ya mwisho

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, hutolewa kwa kitu ambacho hakijawahi kuwekwa hadharani popote duniani. Kuweka hadharani si makala tu. Muhtasari wa mkutano, utetezi wa tasnifu ulio wazi kwa watu wote, maelezo kwenye banda la Nane Nane pale Morogoro, video fupi ya simu iliyosambazwa: vyote vinahesabika.

Wanasayansi wa Marekani Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha njia yao ya kuunganisha vinasaba Novemba 1973. Ombi la hataza lilipelekwa tarehe 4 Novemba 1974, mwaka mmoja tangu kuchapisha ukiwa unakaribia kuisha. Marekani inaruhusu mwaka mmoja baada ya kuchapisha, nchi za Ulaya haziruhusu, kwa hiyo haki za nje zilikuwa zimeshapotea. Hata hivyo leseni (ruhusa za kutumia uvumbuzi kwa malipo) zilizotolewa kwa makampuni 468 ziliingiza zaidi ya dola milioni 250. Na aliyesukuma ombi lile hakuwa mwanasayansi. Alikuwa Niels Reimers, aliyesimamia leseni pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, baada ya kusoma habari za ugunduzi huo gazetini. Mtu wa namna hiyo lazima awepo chuoni, na lazima kiongozi ampe meno.

Kanuni ya kuandika ni hii: hakuna kinachotoka nje kabla ofisi haijakipitia, na ofisi ikishindwa kujibu ndani ya siku 14, mtafiti ana ruhusa ya kuchapisha. Bila sehemu hiyo ya pili, ukimya unageuka kuwa jela, na watafiti watauvunja. Ombi likishapokelewa na kupewa tarehe, chapisheni. Kuanzia tarehe hiyo mna miezi 12 ya kuomba nchi nyingine. Mkipita kwenye PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano katika maombi ya hataza, nchi nyingi zinawapa hadi mwezi wa 30 kabla ya kudai ada zao.

Hatua ya 3: Mali ni ya nani

Mwajiriwa wa chuo kwa kawaida anafungwa na mkataba wake wa kazi. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo kifungu hicho hakimshiki chenyewe. Asaini makubaliano yake anapojiunga na mradi, wakati bado hakuna kitu cha kugombania. Mfadhili wa nje na chuo rafiki cha ng'ambo nao wasomwe kwa makini. Mara nyingi sentensi moja katikati ya mkataba wa fedha huwa imeshagawa haki kabla utafiti haujaanza. Kwenye mfano wetu, shamba lililotoa masalia linaweza kudai sehemu. Barua fupi ya kupokea malighafi, inayotaja kiasi, matumizi na nani anamiliki matokeo, inamaliza neno mapema.

Hatua ya 4: Kipi kinalindika

Kukuta kwamba masalia ya mkonge yana nyuzi fupi zenye nguvu hakuleti hataza, kwa sababu hicho ni kitu cha asili. Njia mpya ya kuzikamua, kuzichanganya na gundi na kuzigandamiza inaweza kuleta. Mtu mmoja akae siku mbili kwenye Espacenet na PATENTSCOPE, hazina za hataza mtandaoni ambazo ni bure, akitafuta kwa jina la mmea, kwa jina la mchakato na kwa namba za makundi ya hataza. Akikuta waliotangulia, hiyo si hasara: anajua pa kuboresha.

Ombi la Tanzania Bara hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar ina msajili wake, na nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja huombwa kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare. Aina mpya ya mmea ina njia yake: Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu ya 2012, na Tanzania ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015. Watu wa Tanga wana sababu ya kuitilia mkazo sheria hiyo. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai na kupandwa Kikogwe, Pangani. Baadaye kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, kikatoa chotara H.11648, ambayo leo imepandwa sana hata China. Wakati ule hakukuwa na sheria ya kukirudishia kituo hicho kitu chochote kwa kazi hiyo. Leo ipo, na kuiacha bila kuitumia itakuwa kosa letu wenyewe.

Hatua ya 5: Nendeni kwenye korona na kwa mnunuzi

Hapa ndipo kiongozi atumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Kabla ya kulipia mashine, timu iongee na wanunuzi wasiopungua 10: mafundi seremala wa Ngamiani, Tanga mjini, wauzaji wa vifaa vya ujenzi, wakandarasi. Wasiulize “je, ungeipenda bodi hii?” Kila mtu atajibu ndiyo. Waulize: sasa unanunua nini, kwa bei gani, unachukua ngapi kwa mwezi, kipi kilikufanya ukarudisha mzigo mara ya mwisho, unalipa taslimu au kwa mkopo wa siku ngapi.

Kisha hesabu ya malighafi. Majani ya mkonge tani 100 hutoa singa (nyuzi ndefu zinazouzwa) takriban tani 4, yaliyobaki karibu yote ni maji na nyama ya jani. Chukueni lori la masalia mabichi tani 10 yenye maji asilimia 85. Makavu ni tani 1.5 tu. Bodi ya sentimita 244 kwa 122, unene milimita 12 na uzito wa kilo 650 kwa mita ya ujazo, ina kilo 23 hivi. Mkitoa gundi na vipande vinavyokatwa pembeni, lori zima linawapa bodi 60 hivi. Yaani mkisafirisha masalia hadi mjini, nauli kubwa mnailipia maji. Mtambo lazima ukae kando ya korona.

Ukaushaji ndio unaoua miradi ya namna hii. Maabara ilikausha kilo 2 juani mwezi wa Januari. Kiwandani masika inaanza Machi, jua halitoshi, na masalia mabichi huanza kuchacha baada ya siku chache. Kutoa maji yote hayo kwa moto, kwa kuni zenye nishati ya megajuli 15 kwa kilo na tanuri la ufanisi wa nusu, kunakula kuni kama tani 2.5 kwa lori moja. Mkikamua kwanza kwa mashine hadi maji yabaki asilimia 60, kuni zinashuka hadi kilo 650 hivi. Hiyo mashine ya kukamua, ambayo kwenye tasnifu haipo kabisa, ndiyo inayoamua kama kuna biashara. Juisi ya mkonge ni ya asidi na inakula chuma cha kawaida, kwa hiyo sehemu zinazoguswa nayo ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Unyevu ukizidi asilimia 10 nyuzi zinapoingia kwenye mashine ya joto, mvuke unanaswa ndani, na bodi inapasuka katikati mara mashine inapofunguliwa. Fundi akiona hivyo huongeza gundi. Gundi si tiba, inaongeza gharama na harufu kali ya fomaldihaidi. Apime unyevu.

Kiongozi asikubali kuruka kutoka kilo 2 hadi tani 2. Pandeni mara kumi kumi: kilo 20, kilo 200, ndipo tani. Kila ngazi iandikiwe kigezo cha kuendelea na kigezo cha kusimama, kabla ya fedha kutoka.

Hatua ya 6: Leseni au kampuni

Kama kuna kiwanda kinachoweza kuongeza bidhaa hii kwenye shughuli zake, toeni leseni. Kama hakuna mwenye uwezo wala hamu, na kuna mtu wa biashara (si mtafiti peke yake) aliye tayari kuacha kazi nyingine, fikirieni kampuni. Kuna ugunduzi ambao njia bora ni kuutoa bure kwa wakulima, na kiongozi asione haya kuamua hivyo.

Leseni itaje eneo, matumizi na muda. Mrabaha, yaani malipo ya chuo kwa kila kinachouzwa, uhesabiwe kwenye mauzo halisi, kamwe usiwekwe kwenye faida, kwani faida inafichika kirahisi vitabuni. Wekeni kiwango cha chini cha kulipwa kila mwaka na hatua zenye tarehe. Asipozifikia, haki inarudi chuoni bila kesi.

Hatua ya 7: Vibali

Kuna taasisi tatu za serikali za kuonana nazo: TBS kwa ubora, NEMC kwa mazingira, OSHA kwa usalama wa wafanyakazi. Waulizeni mapema, kwenye ngazi ya kilo 200, maana majibu yao yanaweza kubadilisha aina ya gundi.

Hatua ya 8: Mgao na sahihi

Mgao uandikwe kwenye sera kabla senti haijaingia. Stanford hutoa kwanza fungu la ofisi ya leseni na gharama, kinachobaki theluthi kwa mvumbuzi, theluthi kwa idara, theluthi kwa kitivo. Si lazima kuiga, muhimu mvumbuzi ajue fungu lake. Tajeni pia nani analipa ada ya kila mwaka ya hataza, kwa sababu isipolipwa hataza hufa. Msimamizi mwenye hisa kwenye kampuni asimpime mwanafunzi anayefanya kazi humo. Na mkataba usisubiri sahihi ya mtu mmoja anayesafiri: mwenye kukaimu awe na mamlaka hayo kwa maandishi.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali (kikundi cha akina mama wakulima wa mwani, Mlingotini, Bagamoyo): Mwalimu, watafiti walikuja tukawaonyesha tunavyochanganya sabuni ya mwani. Hawajarudi. Tunalindaje kilicho chetu?

Jibu: Mama zetu, shikamooni. Kwanza, waandikieni barua kupitia ofisi ya kijiji mkiomba nakala ya ripoti na kuuliza matokeo yametumikaje. Pili, vipimo ambavyo hamjaonyesha mtu visitoke tena bila karatasi iliyosainiwa. Tatu, sajilini alama ya biashara ya sabuni yenu BRELA. Inadumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mchanganyiko unaweza kuigwa, lakini jina mlilolijenga kwa wateja halichukuliwi kirahisi. Na ninyi viongozi wa vyuo mnaosoma hapa: kutowarudia akina mama hawa si haki, na kunafunga mlango kwa watafiti watakaokuja baada yenu.

Swali (mwanafunzi wa uzamili, Korogwe): Natetea tasnifu baada ya wiki mbili, na ndani kuna njia mpya. Nimeshachelewa?

Jibu: Bado, ndugu. Omba leo utetezi wa mlango uliofungwa, watahini wasaini usiri, na maktaba iizuie tasnifu kwa miezi 12. Wakati huohuo ofisi ipeleke ombi. Maelezo lazima yamtoshe mtu wa fani yako kurudia kazi bila kukupigia simu, la sivyo ombi litakuwa dhaifu. Ondoa pia muhtasari kwenye tangazo la utetezi, maana huo hubandikwa ukutani.

Swali (mkuu wa idara, Tanga mjini): Mwekezaji anataka haki zote, dunia nzima, kwa malipo ya mara moja. Fedha ni nyingi kwetu.

Jibu: Mheshimiwa, muulize atauza wapi katika miaka mitatu ijayo. Akitaja Tanzania na Kenya, mpe Tanzania na Kenya. Malipo ya mwanzo yagharimie hataza, kisha mrabaha. Akikataa kabisa kuandika tarehe za kuanza uzalishaji, huenda anataka kuiweka kabatini isimsumbue sokoni.

Swali: Programu ya simu inapata hataza?

Jibu: Kwa kawaida inalindwa na hakimiliki, ambayo huanza pale inapoandikwa, na inaweza kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Hatari yenu iko kwa wanafunzi walioandika sehemu za programu bila mkataba. Wasainisheni kabla hawajahitimu na kutawanyika.

Swali (mkuu wa kituo kidogo, Muheza): Hatuna mwanasheria wala bajeti. Tuanzie wapi?

Jibu: Mteueni mtu mmoja, mpunguzieni vipindi vya kufundisha, mpeni fomu ya Hatua ya 1 na kabati lenye kufuli. Ulizeni COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kuhusu msaada wa fedha, na BRELA kuhusu mafunzo ya kuandika maombi. Msiombe hataza kwa kila kitu. Kati ya fomu kumi, chagueni moja au mbili ambazo mnunuzi wake mnamjua kwa jina, zilizobaki chapisheni ili zimjengee mtafiti sifa. Na kwenye vigezo vya kupanda cheo, leseni iliyosainiwa ipewe uzito kama makala, vinginevyo huyo mliyemteua atabaki peke yake na kabati lake.