Taa za makopo kwa kibaraza cha sikukuu

Makopo matano ya maziwa ya unga, taa ndogo za LED na chaja ya zamani ya simu vinatosha kuwasha kibaraza kizima wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya. Ukichora nyota na miezi mwandamo, makopo hayo hayo utayatundika tena Idd ikifika. Kazi huchukua siku mbili, kwa sababu usiku mmoja ni wa kugandisha barafu.

Sharti moja tangu mwanzo: kinachotoka nje ya nyumba ni umeme wa volti 5 tu. Kopo ni chuma, mwezi wa Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha, na watoto hushika kila kinachong'aa. Umeme wa ukutani wa volti 230 usifike kibarazani. Chaja inabaki ndani kwenye soketi, na waya mwembamba ndio unaopita dirishani.

Vitu vya kutafuta

- Makopo 5 ya maziwa ya unga ya gramu 400. Yajaribu kwa sumaku: ikinasa, ni ya chuma kigumu. Makopo ya soda ni ya alumini, hupasuka ukiyapiga msumari.
- LED 10 za milimita 5, za mwanga mweupe wenye umanjano. Kila kopo litachukua mbili.
- Rezista 10 za omu 150, yaani vijipande vinavyopunguza umeme unaofika kwenye LED.
- Waya mwembamba wa spika wenye nyuzi mbili, mita 8.
- Chaja ya simu iliyoandikwa 5V, pamoja na waya wake wenye kile kichwa kipana cha zamani. Waya wenye vichwa vidogo vya mviringo pande zote mbili haufai, kwa kuwa chaja yake haitoi umeme mpaka itambue kuna simu upande wa pili.
- Misumari ya inchi 1 na ya inchi 2, nyundo, tupa, taulo kuukuu, tepu ya umeme, silikoni, rangi ya kupuliza na rangi ya kuzuia kutu.

Vitu vya umeme vinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya redio, na fundi redio wa mtaani mara nyingi atakuuzia LED na rezista moja moja.

Kutoboa makopo

Loweka kopo kwenye maji ya moto na sabuni ili karatasi itoke. Gundi iliyobaki huondoka ukiipaka mafuta ya kula na kuisugua. Mdomo wa kopo huwa na makali palipokuwa na mfuniko wa ndani, kwa hiyo upitishe tupa pote kabla ya kuendelea.

Jaza maji, ukiacha nafasi ya sentimita 2 juu, kisha weka kwenye friza usiku kucha. Barafu ndiyo inayoshikilia ukuta wa kopo usibonyee ukigonga msumari. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, ndiyo maana hatujazi mpaka mdomoni. Hata hivyo kitako kinaweza kuvimba kidogo, na hilo halina madhara. Asiye na friza ashindilie mchanga mbichi ndani ya kopo mpaka ukaze, au alivike kopo kwenye gogo la mviringo linaloingia kwa kubana. Mchanga unafaa kwa matundu madogo. Kwa makubwa kopo litabonyea tu.

Chora mchoro kwenye karatasi yenye upana wa mzunguko wa kopo, weka alama za matundu, halafu izungushie kopo na uibane kwa tepu. Acha sentimita 1 hivi kati ya tundu na tundu. Yakikaribiana chini ya nusu sentimita, bati hupasuka na matundu mawili huwa moja. Mshono wa kopo usiuguse, ni mgumu na hupinda misumari. Wakati wa kutundika utauelekeza ukutani.

Laza kopo juu ya taulo lililokunjwa ili lisibiringike. Mapigo mawili au matatu mafupi ni bora kuliko pigo moja zito. Msumari mnene ni wa ncha za nyota, mwembamba ni wa mistari. Barafu ikianza kulegea, rudisha kopo kwenye friza. Watu wengi huharibu kopo lao katika robo ya mwisho kwa sababu hawataki kusubiri.

Taa hizi hutundikwa kichwa chini, mdomo ukielekea sakafuni, ili kitako kiwe paa la mvua. Basi toboa matundu mawili ya waya wa kutundikia ubavuni, sentimita 1 kutoka kwenye kitako, na mengine mawili yanayotazamana karibu na mdomo.

Barafu ikishayeyuka, kausha kopo juani na upake rangi siku hiyo hiyo. Kila tundu ni bati lililo wazi, na hewa ya chumvi ya pwani huanza kulila mapema. Anza na rangi ya kuzuia kutu, kisha puliza rangi yako mara mbili kwa tabaka jepesi, kopo la rangi likiwa sentimita 30 hivi kutoka kwenye kazi. Tabaka zito huziba matundu. Yazibue kwa kijiti cha meno kabla halijakauka. Ndani usipake, kwa sababu bati linalong'aa hurudisha mwanga. Mfereji unaozunguka kitako hushika maji, ujaze silikoni.

Umeme

LED ina mguu mrefu na mfupi. Mrefu ni wa chanya. Unga rezista moja kwenye kila mguu mrefu, na kila LED iwe na rezista yake. LED nyeupe hutumia kama volti 3. Rezista ya omu 150 inabeba mbili zilizobaki na kuruhusu miliampia 13 hivi zipite. Ukiunga LED bila rezista itawaka kwa nguvu sana, kisha itaungua. Ukitaka nyekundu, ambayo inahitaji kama volti 2 tu, tumia omu 220.

Kata waya wa chaja na uumenye. Kwa kawaida mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Wa kijani na mweupe utawafunika kwa tepu, hawana kazi hapa. Waya za bei rahisi wakati mwingine hazifuati rangi hizo, hivyo jaribu kwanza kwa LED moja yenye rezista yake.

Unga waya wa spika hapo, kisha toa tawi la sentimita 40 kwa kila kopo, makopo yakipishana sentimita 60. Miungo ichomewe risasi na ifunikwe kwa tepu. Kusokota peke yake kutawaka leo, lakini shaba ikishaota ukijani taa zitaanza kupepesa.

Pitisha ufito mwembamba wa mwanzi kwenye matundu mawili ya mdomoni, funga LED mbili juu yake zikitazama kitako. LED ya milimita 5 hutupa mwanga mwembamba, ndiyo maana ikielekezwa ubavuni utaona doa moja tu. Sugua ncha yake kwa msasa mpaka iwe na ukungu, mwanga utasambaa. Tawi la waya liache lining'inie chini ya mdomo kabla ya kupanda, maji yadondokee hapo yasifuate waya mpaka kwenye muungo.

Taa moja isipowaka, geuza miguu yake. Mbili zikiwa gizani pamoja, huenda umeziunga kwa kufuatana, na volti 5 haziwezi kuwasha LED nyeupe mbili zilizofuatana. Zote zikizima na chaja ikapata joto, waya mbili zinagusana mahali. Chomoa kwanza, kisha kagua miungo mmoja mmoja.

Taa zote 10 hutumia kama wati 0.65. Zikiwaka saa 5 kila usiku kwa mwezi mzima, hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye chaja, hazifiki nusu ya uniti moja ya LUKU. Umeme ukikatika unaweza kutumia pawabenki, ila baadhi hujizima zikiona mzigo mdogo namna hii. Chaji simu kwenye tundu lake la pili kwa wakati huo huo, haitajizima.

Mshumaa usiwekwe kabisa. Kopo lililogeuzwa hukusanya joto juu, na juu ndipo penye boriti au makuti.

Sikukuu zikiisha, futa makopo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na uzungushie waya kwenye kipande cha boksi. Ukiukunja kwa nguvu, miungo ndiyo inayokatika kwanza.