Zawadi za sensei na familia ya mwenyeji Japani: zichague kabla ya kupanda ndege

Zawadi ya kwanza niliyompa sensei, yaani mwalimu, aliyekuwa msimamizi wangu wa masomo huko Japani ilikuwa kinyago cha mpingo, kizito, kirefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Nilikibeba kutoka Dar es Salaam hadi Kobe kwa fahari kubwa. Alikipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru, akakiweka mezani. Wiki iliyofuata aliniita ofisini akanikabidhi boksi la matunda lililofungwa kwa utepe. Siku chache baadaye nililiona boksi kama lile kwenye duka kubwa la mjini, na bei yake ilipita ya kinyago changu. Mwenzangu wa maabara aliyenitangulia miaka miwili ndiye aliyenieleza kwamba ile ni okaeshi, zawadi ya kujibu zawadi. Mimi nilidhani nimempa heshima mwalimu wangu, kumbe nilimpa deni, naye akalilipa haraka kama muungwana.

Siku hizi vijana wanaokwenda kusoma kwa ufadhili wa serikali ya Japani, au kwa ABE Initiative, mpango wa Japani wa kusomesha vijana wa Afrika uliopokea kundi lake la kwanza mwaka 2014, huniuliza wabebe nini. Kwetu ukubwa wa zawadi ndio ukubwa wa mapenzi. Kule zawadi njema ni ile ambayo mpokeaji hapati shida kuipokea, kuiweka wala kuijibu. Hatua zote hizi zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Andika watu kabla ya kwenda sokoni

Chukua karatasi uandike: msimamizi wako, katibu wa maabara au ofisi, wenzako wa maabara, familia itakayokupokea kama utakaa kwa wenyeji, na majirani wa nyumba utakayopanga. Katibu asisahaulike. Yeye ndiye atakayekujazia fomu zako kwa miezi mingi, na wengi wetu humkumbuka wakati pakiti zimekwisha.

Kwa wenzako wa maabara hesabu vichwa. Hao hawapewi zawadi moja moja. Wanawekewa kitu cha kugawana mezani, na kila kipande kiwe kimefungwa peke yake, kwa sababu watu huchukua kimoja na kwenda nacho kwenye meza zao. Kilo moja ya visheti ndani ya mfuko mmoja ni tamu, lakini itawatia aibu: hakuna atakayetaka kuwa wa kwanza kutia mkono.

Hatua ya 2: Weka kiwango cha bei, na usikivuke

Mimi huwaambia wachague kitu ambacho Mjapani akikitazama atakikadiria kati ya yeni 1,000 na 3,000 hivi. Kwa familia itakayokulaza unaweza kupanda kidogo.

Kwa mwalimu kuna jambo la ziada. Wafanyakazi wa vyuo vikuu vya taifa Japani huhesabiwa kama watumishi wa umma mbele ya sheria za rushwa. Kwa hiyo zawadi ya thamani kutoka kwa mwanafunzi inaweza kumweka pabaya kabisa. Mpe kitu kidogo siku ya kwanza mnapokutana, tena cha kugawana na wengine kikiwezekana. Usimpe chochote karibu na mtihani wa kuingilia au wakati anasahihisha kazi yako. Akikuambia kanuni za chuo haziruhusu, ichukue tena kwa adabu na usisisitize.

Hatua ya 3: Chagua kitu chenye maelezo mafupi

Zawadi bora ni ile unayoweza kuieleza kwa sentensi mbili kwa Kijapani cha kubabaisha. Na hapa Mtanzania ana bahati ambayo wengi hawaijui: kahawa yetu inajulikana Japani kwa jina la Kilimanjaro. Wajapani wazee wanalijua jina hilo kutoka kwenye mikahawa yao. Ukimwambia mama wa familia kwamba umetoka nchi ya Kilimanjaro, kisha ukatoa pakiti ya gramu 250, mazungumzo yameanza yenyewe. Beba iliyokaangwa na kusagwa, maana si kila nyumba ina kinu cha kahawa. Mkongomani atabeba ya Kivu, Mrundi ya Ngozi au Kayanza, Mkenya chai ya Kericho, na kila mmoja ataje mahali ilipolimwa. Wajapani wanapenda sana kujua kitu kimetoka mji gani. Omiyage, zile zawadi za safari wanazopeana wao kwa wao, karibu kila moja imefungwa na jina la mji wake.

Korosho zilizokaangwa nazo zinapokelewa vizuri, hasa pakiti ndogondogo. Vitu vyenye sukari nyingi wengi wao huona vimezidi. Chokoleti usibebe kama unafika kati ya Julai na Septemba. Joto la kiangazi kule lina unyevunyevu kama wa Tanga.

Kanga ni zawadi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Wajapani wana furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia na kubebea vitu, kwa hiyo kanga wanaielewa mara moja. Watakayoyauliza ni yale maneno yaliyoandikwa. Soma jina la kanga kabla ya kulipa. Usimpelekee mama wa watu "Hasidi hana sababu" kwa kuwa tu rangi zake zimekuvutia, maana atakuuliza maana yake, nawe utakaa umeinama. Tafuta yenye "Wema hauozi", au methali inayomfaa mwenyeji hasa: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nimemwona mama mmoja wa Kijapani akiyarudia maneno hayo kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha akaitundika ile kanga ukutani sebuleni. Iangalie pia lebo. Kanga nyingi sokoni zimechapwa India au China, na ukisema ni kitu cha kwenu, iwe kweli imetoka kwenu.

Picha ya Tingatinga inafaa ikiwa ndogo, kama ukubwa wa daftari. Eleza kwamba mtindo huo una jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha Dar es Salaam akafariki mwaka 1972. Lakini kumbuka nyumba zao ni ndogo. Kitu kikubwa cha kupamba kinamlazimisha mtu kuhamisha chake ili aweke chako, na hawezi kukitupa kwa sababu wewe utarudi kumtembelea.

Sasa vya kuepuka. Usitoe seti ya vitu 4 wala 9. Nne husomwa pia "shi", sauti ile ile ya kifo, na tisa "ku", sauti ya taabu. Kitana cha nywele huitwa kushi, kimekusanya sauti zote mbili. Kisu kinachukuliwa kama kukata uhusiano, na leso nyeupe hukumbusha msiba. Viatu, soksi au mkeka usimpe mtu aliyekuzidi, kwa kuwa ni vitu vya kukanyagwa. Vijana wengi hawajali tena haya, lakini sensei wa miaka sitini anaweza kujali, na wewe humjui bado.

Kwa familia, usiwaulize wanataka nini, hawatakuambia. Waulize kwa barua pepe kama kuna mtu ndani ya nyumba asiyeweza kula chakula fulani. Mizio ya karanga na korosho ipo, na swali hilo peke yake litawafurahisha.

Hatua ya 4: Pitisha orodha yako kwenye macho ya forodha

Nyama ya aina yoyote iache nyumbani: nyama kavu, soseji, hata ile ya kopo. Sheria yao ya magonjwa ya mifugo ina adhabu inayofika kifungo cha miaka 3 au faini ya yeni milioni 3. Maembe mabichi ya kwetu yamekatazwa kwa sababu ya nzi wa matunda. Kahawa mbichi isiyokaangwa inahitaji ukaguzi wa mimea, iliyokaangwa haina shida. Karafuu, iliki na mdalasini beba vilivyofungashwa kiwandani na kuzibwa, si vile vya kupimiwa kwenye karatasi Darajani. Pembe za ndovu usiziguse, hata kama ni kipuli kidogo cha bibi.

Hatua ya 5: Beba vifungashio bapa, funga ukifika

Karatasi ya kufungia iliyokunjika safarini inaharibu zawadi nzuri. Mimi hubeba vitambaa vya kitenge vilivyokatwa mraba na kupindwa, nafunga zawadi nikishafika. Usitumie karatasi nyeusi na nyeupe pamoja, hizo ni rangi za msiba. Kadi ndogo iandike kwa kalamu nyeusi au ya bluu, kamwe usiandike jina la mtu kwa wino mwekundu.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Nyumbani kwa watu usitoe zawadi mlangoni ukiwa unavua viatu. Ingia, salimia, kaa, ndipo uitoe. Iondoe kwenye mfuko wa dukani uliobebea, igeuze imtazame mpokeaji, mkabidhi kwa mikono miwili, na huo mfuko ukunje uondoke nao. Maneno hayatakushinda, kwa kuwa irabu za Kijapani husomwa kama za Kiswahili: "Honno kimochi desu ga", yaani ni ishara ndogo tu ya moyo wangu. Maabara, unapoweka vitu vya kugawana, sema "Kuni no okashi desu. Minasan de douzo": ni vitafunio vya kwetu, karibuni nyote. Wazee wana msemo "Tsumaranai mono desu ga", kwamba ni kitu kisicho na maana. Ni adabu ya zamani, ukiusikia usiushangae.

Mpokeaji anaweza kukataa mara moja au mbili kabla ya kupokea. Hilo mtu wa pwani analijua. Asipoifungua mbele yako pia usihuzunike, huo ndio ustaarabu wao. Wengine watakuuliza kwanza kama waifungue.

Hatua ya 7: Majirani

Ukihamia kwenye fleti, gonga milango ya pande mbili, na ya juu na ya chini yako ukiweza, ukiwa na kitu cha yeni 500 hadi 1,000. Taulo ndogo au sabuni ya kufulia ya dukani kule kule inatosha, hakuna haja ya kubeba kutoka nyumbani. Katika miji mikubwa watu wanaoishi peke yao wengi wameacha desturi hii. Mimi bado naifanya, kwa sababu mgeni mwenye sura ngeni akijitambulisha siku ya kwanza, mlango wa jirani haumwogopi siku ya pili.

Hatua ya 8: Baada ya zawadi

Ukikutana tena na aliyekukaribisha, hata baada ya wiki mbili, anza na "Senjitsu wa arigatou gozaimashita", asante kwa siku ile. Usiporudia shukrani, inaonekana umesahau. Ukiletewa chakula ndani ya kibakuli, fanya kama ulivyolelewa: chombo hakirudi kitupu. Tia hata maandazi matatu. Na likizo ukienda nyumbani, usirudi maabara mikono mitupu.

Mwisho, unapogawa vitu vyako wiki ya kwanza, zuia pakiti mbili za kahawa ndani ya begi. Ndani ya siku 14 tangu uanze kuishi kwenye makazi yako lazima ukasajili anwani katika ofisi ya mtaa, na kuna mtu ambaye hukumwandika kwenye karatasi yako, labda mwanafunzi mwenye haya asiyejua Kiingereza, atakayeacha kazi zake akupeleke na kukaa nawe foleni asubuhi nzima. Pakiti ya kwanza ni yake.