Kabla ya Kuketi Kwenye Duara: Maandalizi ya Kikao cha Muziki wa Kiayalandi

Hadi leo, nikifika baa nisiyoijua huwa nasimama kwanza karibu na mlango, filimbi bado imo mkobani, nasikiliza seti mbili tatu, yaani mafungu ya mahadhi yanayopigwa mfululizo. Natazama nani anaanzisha, nani anafuatwa, nani anamtupia nani jicho kabla mahadhi hayajabadilika. Mswahili mwenzangu akiniuliza ajiandae vipi kwa kikao cha muziki wa Kiayalandi, kitu cha kwanza ninachomwambia ni hicho. Viza, tiketi na koti la mvua tutavifikia.

Waayalandi hukiita sesheni, na kwa lugha yao ya Kigaeliki ni seisiún. Mimi nasema kikao, maana kukaa ndiyo kazi yenyewe. Watu huzunguka meza ya baa, baadhi yao wakiwapa wateja mgongo, wanapiga mahadhi ya dansi ya zamani. Hakuna jukwaa, na mara nyingi hakuna kipaza sauti. Mgeni huona kama wateja wanatumbuizwa, kumbe wanamuziki wanapigiana wao kwa wao na wateja wamebahatika kuwapo. Mwenye baa huweza kuwalipa wawili watatu ili kikao kisikose kichwa. Waliobaki huja kwa mapenzi tu.

Ukijua kilikozaliwa, utajua pa kusimama. Zamani muziki huu ulikuwa wa majumbani: jikoni, ghalani, kwenye njia panda, watu wakicheza. Mwaka 1935 ikaja sheria ya kumbi za dansi iliyodai leseni, na dansi za majumbani zikabanwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waayalandi waliokwenda London kufanya vibarua vya ujenzi wakajikuta kwenye vyumba vya kupanga visivyo na jiko la kukutania. Wakakutana kwenye baa za Camden Town na Kentish Town, kila mtu na mahadhi ya kwao. Kikao cha baa, kama tunavyokijua leo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu hao, kisha kikarudi nyumbani Ayalandi. Kwa hiyo mgeni ana nafasi yake tangu mwanzo. Anachodaiwa ni kujua kuketi.

Maandalizi yenyewe huanza na masikio, na hapo ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mahadhi mengi yana sehemu mbili, kila sehemu ina bari nane (bari ni fungu dogo la mapigo) na hurudiwa, kwa hiyo mzunguko mmoja ni bari 32. Watu hupiga mizunguko mitatu hivi, halafu bila kupumua wanarukia mahadhi mengine katika seti ileile. Rili, aina ya mahadhi ya dansi ya mwendo wa haraka, kwa mwendo wa kawaida wa kikao humaliza mzunguko kwa sekunde 35 hivi. Ukiwa huyajui mahadhi hayo, una chini ya dakika mbili za kuyasikia kabla hayajapita, na pengine hayatarudi usiku ule. Ndiyo sababu ya kujifunza kwa sikio, si kwa karatasi. Karatasi ya noti haina pa kuwekwa kwenye meza ile, na hata ingekuwepo, haikuonyeshi pale mpigaji wa fidla anapoipinda noti au mpiga filimbi anapoikata kwa kidole.

Ninayemkumbuka hapa ni Francis O'Neill, aliyezaliwa kaunti ya Cork mwaka 1848 akaja kuwa mkuu wa polisi wa Chicago. Mwaka 1903 alitoa kitabu chenye mahadhi 1850, na hadi leo watu wanakirejea. Naye hakuwa mwandishi wa noti. Mahadhi aliyabeba kichwani, akiyapiga au kuyaimba, na James O'Neill, polisi mwenzake, ndiye aliyeyaandika.

Anza na machache. Mahadhi 20 unayoweza kuyapiga usingizini yatakufaa kuliko 100 unayoyakisia. Rili ni za 4/4, yaani mapigo manne kwa bari, jigi, aina nyingine ya dansi, ni za 6/8, na hizo mbili zitachukua sehemu kubwa ya usiku. Yako pia ya 9/8, yako honpaipu, dansi nyingine ya zamani, na ukienda Sliabh Luachra, kule Cork na Kerry zinakopakana, utakutana na polka nyingi. Ulizia mapema eneo unalokwenda linapenda nini. Kaunti ya Clare wanaenzi konsatina, chombo kama kodiani ndogo, Donegal wana fidla yao yenye upinde mkali, Sligo fidla na filimbi. Karibu kila kitu kiko kwenye ufunguo (noti ya msingi) wa D au G na jamaa zake wa karibu, ndiyo maana filimbi ya bati ya D, yenye matundu sita na bei ya chakula cha mchana, inatosha kukuingiza. Jigi iitwayo The Kesh na rili ya Cooley's zinajulikana karibu kila nilikokwenda. Ziwe kwenye ghala lako.

Aliyewahi kusikiliza bashrafu za taarabu ana mtaji tayari. Huku pia wote hupiga mahadhi mamoja kwa pamoja, na kila mmoja huyapamba kwa namna ya chombo chake. Hakuna zamu za kuonyesha ufundi. Mzoefu wa jazi ndiye atakayeteseka kidogo.

Sasa kiti. Kiti kitupu kwenye duara si lazima kiwe hakina mwenyewe. Kinaweza kuwa cha mzee anayefika saa nne kila Alhamisi kwa miaka mingi. Uliza, na ukiambiwa karibu, kaa pembeni kwanza. Mpiga gitaa, buzuki (chombo cha nyuzi kama gitaa) au bodhrán anatakiwa aulize mara mbili. Bodhrán ni kama dufu kubwa la ngozi ya mbuzi linalopigwa kwa kijiti, na mbili zikipigwa pamoja huua mahadhi. Gitaa mbili zenye kodi tofauti, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, huyaua vilevile. Ukikuta mmoja anapiga, pokezaneni. Usiyoyajua usiyapapase chini chini. Hata ukidhani husikiki, jirani yako anakusikia na anavurugika. Weka chombo mapajani, sikiliza. Kuna heshima kubwa katika kukaa kimya na filimbi mkononi, na wanaokuzunguka wanaiona.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa Ennis, kaunti ya Clare. Nilikuwa na mahadhi 11. Saa mbili nzima zilipita na hata moja halikuja. Nikakaa. Mzee aliyekuwa upande wangu wa kushoto, naye mpiga filimbi ya mti, alinyoosha mkono akaomba kuiona yangu. Akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye tundu la kupulizia, akainusa. Yake ilikuwa nyeusi vilevile, imeng'aa kwa miaka ya vidole. Akaniuliza kama najua mti huu unatoka wapi. Nikamjibu kwamba natoka Lindi, na mpingo unaota nyuma ya shamba la babu yangu. Alinyamaza kidogo, akanirudishia filimbi, akasogeza kiti chake ili nami niingie kwenye duara. Kisha akaniambia nianzishe nililonalo.

Jiandae basi kwa neno hilo, maana litakuja, na kukataa mara tatu nne kunachosha wenyeji. Uwe na seti yako moja, mahadhi mawili yanayojulikana, uliyoyapiga nyumbani hadi yamekukaa. Mtajie mpiga gitaa ufunguo kabla hujaanza. Anza kwa mwendo unaouweza wewe, si ule wa waliotangulia. Wataufuata, hiyo ndiyo haki ya anayeanzisha. Ukikaribia kubadilisha, inua macho, au sema "hup!" kama wasemavyo wao.

Nyimbo za kuimbwa na mahadhi ya polepole yana sheria yake. Mtu akifumba macho akaanza kuimba kwa mtindo wa sean-nós, peke yake bila chombo, kila kitu husimama. Usimsindikize, usitikise glasi, usiende kaunta. Mahadhi ya polepole nayo huachiwa mpigaji mmoja, hasa wa zumari ya mfuko, ile inayojazwa upepo kwa kiwiko, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017. Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa. Wengi watakubali, na utapata cha kujifunzia ukirudi.

Chombo nacho kina mahitaji yake, na hapa nasema kwa uchungu. Mpingo wetu umezoea joto lenye unyevu. Majira yangu ya baridi ya kwanza Ulaya niliiacha filimbi mezani karibu na kipasha joto cha ukutani. Asubuhi kichwa chake kilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Vichwa vya filimbi nyingi vina bomba la chuma ndani, kwa ajili ya kurekebisha sauti, na mti ukisinyaa juu ya chuma kisichosinyaa, unapasuka. Fundi aliuziba, lakini mstari bado ninaupapasa kila nikiishika. Kwa hiyo: ipake mafuta ya lozi ndani mara kwa mara, ifute kwa kitambaa kila baada ya kupiga, itenganishe vipande, na iweke kwenye sanduku lenye unyevu kidogo. Ikitoka kwenye baridi, sauti yake itakuwa chini. Ipashe joto kwa kuikumbatia ndani ya koti kabla ya kuisawazisha na kodiani au konsatina, kwa sababu hizo hazisogezwi, ninyi ndio mnaozifuata.

Mpakani kuna jambo wengi hawalijui. Mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na jamii yake yote ya miti tangu Januari 2017, na kwa karibu miaka mitatu wapiga filimbi walihangaika na vibali. Tangu mwishoni mwa Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika, na vipande vyake vilivyokamilika, vimesamehewa. Msamaha huo hauhusu gogo wala ubao: ukimpelekea fundi wa Dublin kipande cha mpingo kutoka Kilwa kama zawadi, kinahitaji karatasi zake. Na kama umenunua filimbi au zumari ya kale, chunguza pete zake nyeupe. Zikiwa za pembe za ndovu, usipande nayo ndege kabla hujapata kibali. Ndani ya ndege chombo kikae nawe, kisiingie mizigoni. Kwa fidla, liandikie shirika la ndege mapema na uchapishe jibu lao.

Kuhusu viza, Ayalandi haimo kwenye Schengen, umoja wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Ayalandi, na viza ya Ufaransa au Ujerumani haimsaidii. Zaidi ya hapo, Belfast iko chini ya Uingereza. Basi la kutoka Dublin halisimami kwenye kizuizi chochote, lakini kwa sheria unatakiwa uwe na viza ya Uingereza. Vikao vizuri vya Belfast vimewashawishi watu kusahau hilo. Na ukiwa na viza ya matembezi, usipokee malipo hata mwenye baa akikusisitiza. 

Yanabaki ya baa yenyewe. Kikao kikitangazwa saa tatu na nusu usiku, tarajia noti ya kwanza saa nne. Kama una mtoto anayepiga, jua kwamba walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kubaki baa baada ya saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Vikao vya Jumapili mchana ndivyo vyao. Uvutaji sigara ndani umepigwa marufuku tangu 2004, kwa hiyo mapafu yako yako salama. Kwa asiyekunywa pombe, na ndugu zangu wengi wa pwani huniuliza hili kwanza: agiza chai au soda, hakuna atakayekutazama mara mbili. Kuna wapigaji wakubwa wasioonja kabisa. Ila agiza kitu, maana baa inaishi kwa mauzo na kikao kinaishi kwa baa. Mtu akikununulia kinywaji, hata kama ni maji ya limau, duru inayofuata ni yako.

Ukiwa mbali na Ayalandi, iwe London, Boston au Berlin, sheria ni zilezile, na wakati mwingine hushikwa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa watu wanalinda kitu kilicho mbali na kwao. Tafuta kikao cha mwendo wa polepole, kilichowekwa kwa wanaojifunza. Kama mjini kwako hakuna, anza wewe na mwenzako mmoja jikoni, siku moja maalumu kila wiki, muda uleule. Na ukipata likizo ya Julai, nenda Miltown Malbay, mji mdogo wa Clare ambako tangu 1973 kuna shule ya kiangazi kwa kumbukumbu ya mpiga zumari Willie Clancy. Asubuhi unafunzwa, usiku kila baa ina duara. Weka nafasi ya kulala miezi mingi kabla. Nami huwa nabeba kijiti kidogo cha mpingo kisichochongwa, cha kwetu Lindi, kile chenye karatasi zake, kwa sababu kila mwaka yupo mtu anayetaka kuuona mti wenyewe ulivyo kabla haujawa filimbi.