Mdomo ukipinda, tazama saa kwanza
Hili nimejifunza juzi hapa Ujiji, mama mkubwa alipopinda mdomo kwa dakika kama kumi, kisha akarudi sawa na kuomba chai. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamgomea, huenda ni kiharusi: andika saa dalili zilipoanza na umkimbize hospitali, hata kama njiani anasema amepona. Mafuta yanayojijenga ndani ya mishipa mikubwa ya shingo huweza kupasuka, kipande au bonge la damu likapanda hadi kwenye ubongo. Likiyeyuka lenyewe dalili hupotea, lakini kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Daktari ataiuliza saa hiyo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Aliyeamka nazo asubuhi hana saa ya kuandika. Andika mara ya mwisho alipoonekana mzima. Na tafadhali, msimpe aspirini nyumbani, maana kuna kiharusi cha damu kuvuja na aspirini hukizidisha. Hata ile chai, msubiri kwanza apimwe kumeza, asije akapaliwa.