Hita ya kuogea na maji ya chumvi ya Dodoma: isafishe kabla haijaungua

Jamani Juni ndo hii, baridi ya asubuhi ya Dodoma mnaijua, na ndo kipindi hita zinaanza kugoma. Naongelea hita ya tanki, ile ya lita 50 inayofungwa ukutani, sio shawa ya moto.

Tatizo ni maji. Haya ya visima vya Mzakwe yana chokaa, angalia tu birika lako la chai ndani lilivyo jeupe, sasa kitu hicho hicho kinaganda kwenye elementi, kile chuma kinachochemsha maji ndani ya tanki, joto linakosa pa kutokea, elementi inajiunguza yenyewe. Yangu nimeifungua mwaka jana nikakuta imevaa gamba nene kuliko ganda la yai, na chini ya tanki nikachota vikombe viwili vya chenga nyeupe.

Zima umeme kwenye meni swichi, swichi ya bafuni usiiamini, halafu pima na testa. Maji yakishapoa funga koki ya maji baridi, fungua bomba la moto ili hewa iingie, mwaga yote. Nyaya zipige picha kabla hujagusa, me sikupiga nikaishia kumwita fundi usiku. Legeza bolti, vuta elementi taratibu, iloweke kwenye siki mpaka asubuhi kisha sugua na mswaki wa zamani, kisu hapana. Humo ndani kuna kifimbo cha magnesiamu, kazi yake kuliwa na kutu badala ya tanki, kikibaki chembamba kama penseli weka kingine. Gasketi (ule mpira wa kuzuia maji yasivuje) mpya pia, usibane hela hapo.

Kurudisha: MAJI KWANZA. Ukiwasha tanki tupu elementi inakufa hapo hapo, kwa hiyo acha bomba la moto wazi mpaka maji yatoke bila kukohoa ndo uwashe.

Valvu ya usalama ikidondosha matone wakati inachemsha iache, maji yakipata moto yanatanuka. Kuna fundi aliziba ya jirani yangu na plagi eti inavuja, lile lilikuwa bomu juu ya vichwa vya watoto.

LUKU sasa. Lita 50 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 ni uniti 2 na kitu tu, kinachokumaliza ni kuiacha inawaka kutwa nzima. Me nawasha saa kumi na moja alfajiri, elementi ya wati 1500 inachukua kama saa moja na nusu, nazima ndo watu wanaingia kuoga. Temostati, ile ya kuweka kiwango cha joto, isipite 60, maji yakiwa ya moto sana gamba linarudi haraka.