Kumkagua ng'ombe wa nyama na ndama wake: usianzie mgongoni

Juzi nilimsindikiza jamaa yangu kununua ng'ombe mwenye ndama. Alimzunguka mara moja, akampiga kofi la paja, akasema, "Huyu!" Nikamwomba tukae kwanza chini ya mti. Haya ndiyo niliyomwonyesha.

Hatua ya 1: Mwendo. Atembezwe kwenye ardhi kavu, ngumu. Tope huficha kilema. Ukwato wa nyuma ukanyage alipong'oa wa mbele, au karibu hapo. Akichechemea, mwache.

Hatua ya 2: Unene. Kwa kipimo cha 1 (amekonda sana) hadi 9 (amenona kupita kiasi), anayekaribia kuzaa awe 5 au 6. Macho hudanganywa na manyoya, kwa hiyo tumia kiganja mbavuni. Anayenyonyesha akipungua kidogo, msamehe. Aliyenona huku ndama wake amekonda ndiye wa kutilia shaka.

Hatua ya 3: Kiwele. Hapa usiwe na haraka. Mimi niliwahi kununua ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa hadi chuchu zimetokeza pembeni. Kumbe ndama alitengwa tangu jioni ili kiwele kionekane kikubwa, na ndama mwenyewe hakuwa wake! Tulipofika alimpiga mateke kila aliposogea. Nilishinda zizini, ng'ombe kafungwa miguu ya nyuma, mimi nakisukuma kichwa cha ndama chini ya tumbo, mpaka giza likaingia.

Siku hizi nasema nitasubiri, hata muuzaji akinuna. Ndama anyonye mbele yangu. Mama humnusa chini ya mkia, humlamba, hutulia. Ndama wa kudoea mara nyingi hunyonya kwa nyuma, katikati ya miguu, asinuswe. Hata mwenye mama hufanya hivyo mara mojamoja, kwa hiyo mtazame zaidi mama.

Akishiba, kiwele kinywee na kuwa laini. Sehemu inayobaki ngumu ina ugonjwa au kovu. Zishike sehemu zote nne za kiwele, kisha ukamue kidogo kila chuchu kiganjani: mabonge, majimaji au damu, ondoka. Sakafu ya kiwele isishuke chini ya kiungo cha mguu wa nyuma. Chuchu ziwe za unene wa kidole. Zilizovimba kama chupa haziingii kinywani mwa ndama mchanga, naye anahitaji dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndani ya saa chache za kwanza. Baada ya takriban saa 24 utumbo wake haufyonzi tena kinga iliyomo.

Hatua ya 4: Ndama. Kitovu kikavu, kisiwe kinene wala cha moto. Viungo visivimbe. Matako safi, bila alama za kuharisha. Finya ngozi ya shingo: ikichelewa kurudi, amekaukiwa maji. Kama ni jike aliyezaliwa pacha na dume, mhesabu wa kuchinja. Zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa.

Hatua ya 5: Meno. Tazama meno ya mbele ya taya la chini. Jozi ya kwanza ya kudumu huota karibu na miaka 2, na yote 8 hutimia akiwa na 4 hadi 5. Umri wa kuambiwa mimi siuandiki.

Utepe wa kuzungushia kifua ni wa kukadiria uzito tu. Mizani ikiwepo, utepe ubaki mfukoni.

Yule wa "Huyu!" tulimwacha. Ndama wake alinyonya chuchu mbili za mbele tu, na za nyuma zilikuwa ngumu kama jiwe.