Umetoka Nairobi umehamia Zanzibar? Punguza mbio kwanza

Mimi nilikuja Unguja kikazi na ile kasi yangu ya Nairobi, yani natembea kama nafukuza matatu, naingia dukani naanza tu "nipe maji baridi", mwenye duka akaniangalia weee halafu akajibu taratibu "waaleikum salaam". Na sikuwa nimemsalimia!

So anzia hapo. Salamu huku si "habari" moja ukapita, ni habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, akiwa mtu mzima shikamoo kwanza, ndo utaje shida yako, na useme "naomba" please, hiyo "nipe" yetu huku inakaa kama matusi.

Halafu saa. Siku imegawanywa na sala, ukimwambia fundi aje baada ya alasiri anakuelewa kuliko ukimwambia saa kumi na robo. Fundi wangu wa AC alinizungusha wiki nzima na "kesho inshallah", nikampigia mpaka akaacha kupokea, jirani akanicheka akasema we mfuate barazani anapokunywaga kahawa. Nikaenda, nikakaa, kahawa chungu na kashata, watu wanacheza bao, wanabishana siasa na mpira, AC sikuitaja kabisaaa, baadaye akainuka mwenyewe, "haya twende tukaione hiyo AC yako". Kwa hiyo tafuta baraza lako mapema. Mji Mkongwe wageni wengi wanaijua Jaws Corner lakini la mtaani kwako ndo litakufaa, hapo utapata fundi, nyumba, hata habari za maji kukatika.

Sokoni Darajani nenda asubuhi, mchana jua kali na maduka mengi yanafungwa watu wakaswali wapumzike. Ijumaa kuanzia saa sita mpaka saa nane hivi usipange kitu. Ramadhani mchana usile hadharani, mambo yote yanahamia usiku, na ukialikwa kufuturu nenda aisee, mihogo ya nazi ile sio mchezo.

Ila usije ukalegea kwa kila kitu. Kibali cha kazi kianze mapema, kuwa Mkenya hakukuondolei hiyo. Na boti ya Dar haina inshallah, ukichelewa utaiona kwa mbali ikienda zake, niulize mimi.